Mtoto wa Makao Amemwita Mke Wangu Mama

SWALI

Mama Metroni, asalaam aleikum. Tangu Machi mimi, mke wangu na binti zetu wawili tunakwenda kwenye makao ya watoto kila tupatapo Jumapili yenye nafasi. Tunapeleka sabuni, sukari na mandazi, tunacheza nao mpaka alasiri. Safari ya tatu, mvulana wa kama miaka minne aliing'ang'ania leso ya mke wangu akimwita mama, ikabidi mlezi ambandue vidole kimoja kimoja. Binti yetu mdogo alilia njia nzima. Kisha msimamizi akatuambia tusilete tena pipi wala tusipige picha. Nimeumia, kwani tumekosa nini? Na je, tunaweza kumchukua huyo mvulana aje kula Idi kwetu?

Baba Zaituni, Bombo

JIBU

Wa aleikum salaam, Baba Zaituni. Huyo msimamizi ningempa mkono. Nimekuwa metroni miaka 19 upande wa Jinja, na makaratasi ya pipi niliyoyafagia chini ya vitanda nayajua mwenyewe. Lakini pipi ni jambo dogo. Kinachonisumbua ni maneno yako: "kila tupatapo Jumapili yenye nafasi".

Kwetu alikuwapo mtoto wa miaka sita. Familia moja ya Kampala ilimzoea, ikamwahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi hiyo alivaa shati lake la kanisani, akakaa kwenye ngazi ya jikoni akihesabu teksi zinazotoka upande wa msitu wa Mabira, njia ya Kampala. Posho yake hakuigusa, aliifunika kwa sahani ya pili, akasema ni ya wageni. Walikuja baada ya miezi minne, mikono imejaa zawadi. Hakutoka bwenini. Wakasema ana kiburi!

Huyo wenu wa miaka minne hajamchagua mkeo. Amepita mikononi mwa walezi wa zamu, wanafunzi wa likizo, Wazungu wanaojitolea wiki mbili, na kila anayempakata huenda ni mama mpaka atakapoondoka. Jambo hili lilifika hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambalo Desemba 2019 lilizitaka nchi zizuie madhara ya kujitolea namna hii katika makao ya watoto.

Sisemi muache. Chagueni siku moja mnayoiweza, tuseme Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mkikwama pigeni simu mapema ili watoto waambiwe. Mama Zaituni aombe kazi: kuna mashuka ya kufua, kuna maharage ya kuchambua mawe. Kupakata awaachie walezi, maana wao ndio watakaoamka usiku mtoto akiota vibaya. Binti zako wacheze kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzao, wasisimame kugawa vitu kama wabunge. Mandazi mkabidhi mpishi. Na mnapoondoka, ageni. Msichepuke kwa mlango wa nyuma eti mtoto asilie. Wacha alie, lakini ajue siku mtakayorudi.

Idi, hapana. Msimamizi hana ruhusa ya kuazimisha mtoto kama kikombe cha sukari. Kisheria mtoto huingia makao kwa amri ya Mahakama ya Familia na Watoto, na anayetaka kumlea nyumbani kwake huanzia kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Kwenu ni Luweero. Mkiwa na nia hiyo kweli, nendeni, lakini Idi moja si nia.

Mkifika, ulizeni kwanza kama mtoto ana ndugu. Wengi tuliowaita yatima walikuwa na jaja, yaani bibi au babu, mahali fulani, aliyeshindwa na karo tu, au na njaa ya msimu mmoja. Yule wangu wa ngazi ya jikoni, jaja yake alipatikana Kamuli, ana ng'ombe mmoja na shamba la viazi. Nilimpeleka mwenyewe. Nauli yetu wawili haikufika bei ya kreti mbili za soda walizomletea wageni wake siku ile aliyokataa kutoka.