Ctrl+S kwenye BASIC: usitegemee INKEY$ kwa kila kitu

Anayetaka programu yake ya BASIC (lugha ya programu) ijue kwamba Ctrl na S vimebonyezwa pamoja, mara nyingi huanzia INKEY$, amri ya kusoma kibodi. Anzia hapo, hakuna ubaya, ila ijue kazi yake. INKEY$ haisemi kitufe gani kimeshikiliwa sasa hivi. Inachota tu kilichokwisha kupanga foleni kutoka kwenye kibodi, kimoja kimoja. Kwenye QBasic, BASIC ya zamani ya DOS, Ctrl+A huja kama CHR$(1), yaani herufi yenye namba 1, Ctrl+S kama CHR$(19), Ctrl+Z kama CHR$(26). Kwa menyu ya kawaida hiyo inatosha, na mimi mwenyewe bado naitumia.

Lakini Ctrl+M ni CHR$(13), yaani Enter yenyewe. Ctrl+I ni Tab, Ctrl+H ni Backspace. INKEY$ haiwezi kukutofautishia, kwa hiyo michanganyiko hiyo usiipe kazi kabisa. Alt na herufi, vitufe vya F na mishale huleta herufi mbili, ya kwanza ikiwa CHR$(0): Alt+X ni CHR$(0) + CHR$(45), Shift+F1 inaishia na 84, Ctrl+F1 na 94. Pima LEN (urefu wa kilichokuja) kwanza ndipo ulinganishe. Na ukihamia FreeBASIC, BASIC nyingine, kinachotangulia ni CHR(255), si 0. Ndiyo maana msimbo ulionakiliwa kutoka QBasic unakaa kimya huko bila kutoa kosa lolote.

QBasic ina njia nyingine watu wengi huisahau, ya kuifanya programu irukie Hifadhi yenyewe mchanganyiko ukibonyezwa:

KEY 15, CHR$(4) + CHR$(31)
ON KEY(15) GOSUB Hifadhi
KEY(15) ON

Hapo 4 ni Ctrl na 31 ni namba ya kitufe cha S kwenye kibodi. Inapendeza, mpaka mtumiaji awashe Caps Lock. Hapo alama inakuwa 4 + 64, hailingani tena na uliyoandika, na Ctrl+S inakufa. Num Lock nayo inaongeza 32. Itabidi usajili kila hali kwa namba yake, kuanzia 15 hadi 25. Binafsi naona ni usumbufu. Kama uko kwenye DOS, afadhali DEF SEG = 0 kisha PEEK(1047), yaani kusoma kumbukumbu ya kompyuta mahali hali ya vitufe hivi inapowekwa: ukifanya AND na 4 unajua Ctrl iko chini, na 8 ni Alt, 1 na 2 ni Shift za kulia na kushoto.

Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni QB64, mrithi wa kisasa wa QBasic, na _KEYDOWN. Hii ndiyo inayojibu swali lenyewe: kitufe hiki kimeshikiliwa au la?

DO
  _LIMIT 60
  ctrl = _KEYDOWN(100305) OR _KEYDOWN(100306)
  s = _KEYDOWN(115) OR _KEYDOWN(83)
  sasa = ctrl AND s
  IF sasa AND NOT zamani THEN CALL Hifadhi
  zamani = sasa
LOOP UNTIL _KEYDOWN(27)

Ctrl ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, na s ndogo na S kubwa zina namba tofauti, ndiyo sababu ya hizo OR. Mstari wa kuangalia kwa makini ni ule wenye zamani, inayokumbuka hali ya mzunguko uliopita ili Hifadhi iitwe mara moja tu kwa kila mbonyezo. Kijana mmoja aliniletea programu ya duka la vifaa vya ujenzi: mfuko mmoja wa saruji ukiuzwa, faili la mauzo linaandika mistari kadhaa inayofanana. Alikuwa ameshaanza kulishuku faili. Nilimwambia abonyeze Ctrl+S mbele yangu, na kidole chake kilikaa pale kidogo tu, kama kidole cha mtu yeyote. Kitanzi kinazunguka mara 60 kwa sekunde. Kila mzunguko ulikuta vitufe viko chini, ukahifadhi upya. Tukaongeza zamani, mauzo yakatulia.

Mishale nayo ina namba zake: kushoto 19200, kulia 19712, juu 18432, chini 20480. Kwa gemu utazihitaji sana, na hapo utakutana na jambo ambalo msimbo hauwezi kulitibu. Kibodi nyingi za bei rahisi hazisomi baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja, kwa mfano mishale miwili na Space. Kabla hujakesha ukitafuta kosa, jaribu mchanganyiko uleule kwenye kibodi nyingine. Na amri ya kurusha risasi iweke kwenye Ctrl au Shift. Hizo kwa kawaida hazizibwi na vitufe vingine.