Jibu: Rebel 500 au Meteor 350 kwa barabara za Pemba

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza pikipiki ipi kati ya Honda Rebel 500 na Royal Enfield Meteor 350 itakufaa kwa safari za Wete na Chake Chake, ilhali mgongo wako hauvumilii mashimo. Kabla ya injini, kaa juu ya kila moja uangalie miguu inapokanyaga. Vikanyagio vya Meteor vimesogezwa mbele, kwa hiyo ukifika penye shimo ni taabu kujiinua, na kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Vya Rebel viko nyuma kidogo, na goti husaidia kupokea uzito.

Rebel, yenye silinda mbili na ujazo wa injini wa cc 471 kwa jumla, hupanda vilima bila kukulazimisha kushusha gia kila mara, na kiti chake kiko sentimita 69 tu kutoka ardhini. Meteor ni ya silinda moja, cc 349. Mdundo wake ni mzito na wa taratibu, na kwa uzuri wa umbo mimi naipenda zaidi, hasa tangi lake la mviringo la kizamani. Hata hivyo, kwa mgongo wako ningechukua Rebel, kisha niipeleke kwa fundi wa viti aongeze sponji, kwa kuwa kiti chake ni chembamba.