Babu alisajili wakfu wa msikiti kwa jina lake: je, nyumba tunayoishi ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tulipokuwa tukisafisha nyumba ya babu hapa Mombasa, tulikuta ndani ya kasha waraka wa Kiarabu wa mwaka 1319 wa Hijria (yapata 1901). Mamake babu ameweka wakfu kiwanja chake kwa ajili ya msikiti wa mtaani, na babu ndiye msimamizi. Chini ya waraka huo kulikuwa na hati miliki ya serikali ya Mwingereza kwa jina la babu mwenyewe, msikiti haukutajwa, na risiti ya fidia ya miaka ya 1920 barabara ilipokata kiwanja. Wazee wanasema fidia hiyo ndiyo iliyojenga nyumba tunayoishi. Kwenye sehemu iliyobaki kuna nyumba nne za Kiswahili za watu wengine, na sisi hupokea kodi ya ardhi kila mwezi. Ndugu zangu wanasema hati ya serikali imeshamaliza maneno. Je, ni kweli? Na kuipita barabara ile ni dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na maswahaba zake.

Picha ya waraka uliyonitumia nimeikuza na kuisoma mara tatu. Wino umefifia pembeni, lakini maneno yanayotakikana yote yapo: ameuweka wakfu, hauuzwi, hautolewi hiba, haurithiwi. Kisha mipaka minne: kibla (kaskazini) nyumba ya jirani, suheli (kusini) njia ya kwendea kisimani, matlai (mashariki) mwembe, maghribi makaburi. Kodi yake imetajwa ni ya mafuta ya taa za msikiti, mikeka, na kamba na ndoo ya kisima. Mashahidi wawili wametia majina yao. Kwa waraka huu wakfu umethibiti, na maneno yake ni yale yale ya hadithi ya Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar akamuuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini.

Sasa hati ya serikali. Mwanangu, ili uelewe imetoka wapi, kumbuka hali ya mji wakati ule. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa pwani wa maili kumi, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ukaanza hapa hapa Mombasa. Ardhi iliyokuwa ya mihogo na minazi ikawa na bei. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya kusajili hati za ardhi ya pwani: kila mwenye dai apeleke dai lake kwa msajili wa hati, apimiwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mpima ardhi akaja na minyororo yake, mwembe ukaacha kuwa mpaka, ikawekwa bikoni, yaani alama ya mpaka, na nambari. Kwenye ramani kama hiyo nambari huonekana, nia ya mamake babu yenu haionekani.

Cheti hicho kwa sheria ile kilikuwa ushahidi wa mwisho dhidi ya kila mtu. Ndugu zako wanasimama hapo, na mahakamani huenda wakashinda. Lakini Mtume (s.a.w.) alisema katika hadithi ya Ummu Salama, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba yeye ni binadamu, watu wanamletea mashtaka, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa kwa alivyosikika, basi atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haki ya mtu, cheti cha msajili kitahalalishaje mali ya msikiti? Katika dini, cheti ni ushahidi wa umiliki pale ambapo hakuna kinachokipinga. Nyinyi mnacho kinachokipinga, mmekitoa kwenye kasha kwa mikono yenu.

Hata hivyo, msiharakishe kumdhania babu vibaya. Sheria ile ilimtaka mtu ajitokeze kudai, na ardhi iliyokosa mdai ilikwenda. Inawezekana kabisa babu alijiandikisha yeye ili kiwanja kisiponyoke, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msimamizi na ndiye aliyejua njia ya ofisini. Kama ndivyo, usajili wenyewe ulikuwa uokoaji. Kwamba hakuutupa waraka wa mamake, akauweka pamoja na hati, kwangu hiyo ni dalili njema. Lililopungua ni kuwaambia watoto wake. Muombeeni msamaha kwa hilo.

Fidia ndiyo nzito zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wamekisoma vizazi kwa vizazi, ametaja kuwa mali ya wakfu ikiharibiwa na thamani yake ikalipwa, wanufaika hawaimiliki thamani hiyo: hununuliwa kitu mfano wake kiwe wakfu mahali pake. Kwa hiyo shilingi zile za barabara zilikuwa na kazi moja tu, kununua ardhi nyingine ya msikiti. Kama zilijenga nyumba ya familia, basi nyumba imesimama juu ya deni. Sisemi nyumba ni haramu wala muihame. Nasema babu alikufa akidaiwa na msikiti, na Allah katika Suratun Nisaa ametanguliza wasia na deni kabla ya kugawa mirathi. Hamkulijua deni mlipogawana, hamna dhambi kwa mlilotenda bila kujua. Leo mnajua.

Utaniuliza, tulipe kiasi gani? Kurudisha tarakimu ileile ya kwenye risiti ni kuudhulumu msikiti, maana pesa iliyonunua kipande cha Mombasa wakati ule leo hainunui hata mikeka. Ninaloliona sawa, kwa kuwa lengo la fidia lilikuwa ardhi badala ya ardhi, ni kutazama ukubwa na manufaa ya kipande kilichokatwa, mtafute mfano wake popote panapowezekana, hata kama ni nje ya kisiwa. Mkishindwa, fanyeni sulhu, yaani mapatano, mbele ya kadhi pamoja na wasimamizi wa msikiti, mlipe kidogo kidogo. Sulhu si aibu.

Kodi ya zile nyumba nne ni ya msikiti tangu mwezi huu, wala hapa hapana mazungumzo. Ya miaka iliyopita iingizwe kwenye sulhu hiyo hiyo, kwa sababu kutojua kunaondoa dhambi lakini hakuondoi dhamana ya kulipa. Wenye nyumba msiwasumbue: kuta, paa na milango ni mali yao, ardhi ndiyo ya wakfu, na utaratibu huu wa nyumba bila ardhi unajulikana Majengo na mitaa mingine ya mji wetu. Waambieni tu kwamba risiti kuanzia sasa zitaandikwa kwa jina la wakfu.

Barabara ipiteni kwa amani. Mtume (s.a.w.) aliamua watu wakigombana juu ya njia iwekwe upana wa dhiraa saba, na Sayyidna Umar alinunua nyumba zilizouzunguka Msikiti wa Makka ili aupanue, za waliokataa akaziondoa na thamani zake akaziweka amana mpaka wenyewe wazichukue. Haja ya watu wote ina nafasi katika sharia, ila kwa malipo ya haki. Mtume mwenyewe, mayatima wawili wa Madina walipotaka kumpa bure kiwanja cha msikiti wake, alikataa mpaka kilipwe. Serikali ile ilichukua na ikalipa. Kasoro ya baadaye haimhusu mpita njia.

Basi anzeni hivi. Kaeni warithi wote, wake kwa waume, msomewe waraka kwa Kiswahili. Kisha mwendeeni kadhi, na baada yake Tume ya Wakfu inayosimamia mali za wakfu, mkiwa na waraka, hati na risiti, muombe kiwanja kisajiliwe kama wakfu wa msikiti ule. Mkiulizwa mafuta ya taa yanatumikaje leo, jibu ni kuwa muradi wa mamake babu ulikuwa mwanga na maji kwa wanaosali: kodi ilipe stima na bomba, na mazulia yachukue nafasi ya mikeka. Atakayekataa miongoni mwa ndugu zako, wewe timiza fungu lako, na usikate naye udugu.

Waraka wenyewe msiukunje tena, umeshaanza kupasuka kwenye mkunjo wa katikati, karibu na jina la shahidi wa pili. Uwekeni bapa kati ya karatasi safi, mtoe nakala kabla ya kuupeleka popote.

Wallahu a'lam.