Gari la Spoti Lililolala Ufukweni: Mambo ya Kukagua Malindi Kabla ya Kutoa Pesa

Magari ya spoti yanayouzwa hapa Malindi ni ya aina mbili. Kuna yale ya vijana wetu, Subaru Impreza na Mazda zilizopita mikono mitatu minne, zikakimbizwa barabara ya Mombasa hadi zikachoka. Na kuna yale yaliyofunikwa turubai kwenye nyumba za Casuarina, Silversands na Watamu: Mercedes SLK, Audi TT, Mazda MX-5, pengine Porsche moja. Haya mwenyewe huyaendesha mjini msimu wa kaskazi, kisha hupanda ndege kurudi Ulaya na kumwachia mlinzi funguo.

Wanunuzi huogopa ya kwanza na kuyakimbilia ya pili. Tangazo lenyewe linavuta: "Mwenyewe mzungu, kilomita elfu thelathini tu, halijaenda mbali." Mimi naendesha Impreza na jioni zangu nyingi naishia gereji, kwa hiyo marafiki huniita niwatazamie gari kabla hawajalipa. Nikisikia tangazo la namna hiyo ndipo naanza kuwa na wasiwasi. Huku pwani gari linaharibika zaidi likiwa limesimama kuliko likiwa linakwenda.

Kusi ikivuma, bahari hurusha chumvi mpaka kwenye madirisha ya nyumba za mstari wa mbele. Unaipangusa asubuhi, jioni imerudi. Gari linaloendeshwa kila siku linapata mvua, linaoshwa, breki zake zinajisugua, oili inazunguka. Lililofunikwa turubai linabaki na unyevu wa chumvi chini yake usiku na mchana. Rangi ya juu inang'aa, huku chini vyuma vinaliwa polepole na hakuna anayeviona.

Basi mimi huanza na mlinzi kabla hata ya kugusa gari. Muuzaji anataka kuuza, dalali anataka chake, lakini mlinzi hana sababu ya kukuficha. Kuna mmoja kule Casuarina niliyezungumza naye wakati dalali yuko kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Hili gari huwa unaliwasha?"

"Marahaba mwanangu. Kila Jumamosi. Linanguruma robo saa, nalizima."

"Hulitoi nje kidogo?"

"Nilitoe niende wapi? Mwenyewe kaniambia niwashe, hakuniambia niendeshe."

Kwa hayo tu nilishajua pa kutazama. Injini inayowashwa robo saa bila kwenda popote haipati joto la kutosha kukausha maji yanayojitengeneza ndani yake. Maji hayo hubaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Nilipofungua kifuniko cha oili, upande wake wa ndani ulikuwa na utandu mzito wa rangi ya maziwa. Si lazima iwe ni gasketi iliyoungua ikaruhusu maji ya radieta kuingia kwenye oili; mara nyingi ni unyevu tu wa gari lisilotembea. Lakini ukiuona, kagua pia maji ya radieta kama yana mafuta, na uligonge bomba la ekzosi kwa fundo la kidole kuanzia mbele hadi nyuma. Bomba zima hulia. Lililooza kwa ndani hutoa sauti iliyokufa, na kutu inadondoka.

Mwulize mlinzi pia anaoshea gari maji gani. Nyumba nyingi za ufukweni zina kisima, na maji yake yana chumvi ya kuonekana kwenye kigae. Gari lililooshwa kila wiki kwa maji hayo, kwa nia njema kabisa, limepakwa chumvi kwa mkono.

Sasa ingia chini. Ukaguzi wa kuzunguka gari mikono mfukoni, wa kupiga teke tairi na kusema "iko sawa," hauna maana kwa gari la aina hii. Magari haya yako chini mno, huoni kitu bila kulipeleka kwenye gereji yenye shimo. Muuzaji akikataa lisipelekwe gereji, mshukuru na uondoke. Ukiwa chini na tochi, tazama mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma. Hayo ndiyo ya kwanza kuliwa, na yakitoboka utakuwa huna breki. Tazama fremu inayobeba injini, mahali springi zinapokalia, na ukingo wa chini ya milango. Kutu nyekundu ya juujuu kwenye nati na ekzosi ni jambo la kawaida, mji mzima tunayo. Unayotafuta ni ile inayovimba na kubanduka kwa maganda. Chokoa kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu.

Kwa magari ya paa la kitambaa kama MX-5, kuna mifereji midogo inayotoa maji ya mvua kutoka nyuma ya viti hadi chini ya gari. Malindi imejaa mivinje, na majani yake membamba kama sindano huziba mifereji hiyo vizuri ajabu. Maji hukosa pa kupita, yakaingia chini ya zulia na kwenye ukingo wa mlango, na kutu ikaanzia ndani. Nyanyua zulia la nyuma ya kiti, lishike kwa mkono, linuse. Kisha mimina maji ya chupa kwenye mfereji uone kama yanadondoka chini upande wa pili. Sijaona muuzaji aliyekasirishwa na maji ya chupa.

Sumaku ndogo ni nzuri kwa kutafuta fila, ile lipu ya kuziba mabonde ya bodi, chini ya rangi, lakini usimwite mtu mwizi kwa sababu haikushika boneti. Boneti ya MX-5 na ya Mazda RX-8 ni ya aluminiamu, haishiki sumaku hata ikiwa mpya. Jaribu kwenye mabawa ya nyuma na milango ya mbele.

Tairi nazo zinasema umri. Pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 1817, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2017, hata kama meno yake ni marefu kama ya jana. Gari la kilomita chache huwa na tairi zenye meno mazuri na mpira uliokauka. Hizo hazifai kwenda kasi, na seti nzima ya saizi za magari haya si pesa ya mchezo. Vivyo hivyo mkanda wa taimingi kwa injini zinazoutumia, kama zile za Subaru za EJ: watu wanahesabu kilomita laki moja na kusahau kwamba mpira unazeeka hata gari likiwa limelala. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na injini imekwisha.

Kuwasha: mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari baridi. Ukifika, weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi. Injini mbovu huficha mengi ikishapata joto. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya radieta yanayoingia yasikotakiwa. Kwenye Subaru zenye tabo (turbo), sikiliza mlio mzito wa kugonga unaotoka chini na kupanda ukikanyaga mafuta. Magari hayo yaliyotoka Japani yalipangwa kunywa petroli ya huko yenye oktani ya kama 100. Ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo, na aliyeongeza nguvu ya tabo bila kufikiria jambo hilo anakuuzia pistoni zilizopigwa nyundo kwa miezi. Ukiona vifaa vya kuongeza nguvu vimefungwa, uliza vile vya mwanzo viko wapi. Anayelitunza gari huwa amevihifadhi.

RX-8 ni kesi yake peke yake. Injini ile haina pistoni. Ina rota mbili, kila moja ya cc 654, na inachoma oili kidogo kwa makusudi ili kulainisha ndani. Muuzaji akijigamba kwamba RX-8 yake "hailambi oili hata tone," ama hakagui oili ama anakudanganya. Iendeshe mpaka ipate joto, izime, ngoja dakika chache, kisha iwashe tena. Ikihangaika kuwaka ikiwa ya moto, kompresheni, yaani mbano wa ndani ya injini, imeshuka. Kuipima kunataka kifaa cha injini za rota. Kile cha kawaida alicho nacho fundi wako kitakupa namba isiyo na maana. Uzalishaji wake ulikoma 2012, na kanuni ya KEBS, shirika la viwango, hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo kila RX-8 utakayoiona ina miaka yake ya vumbi la Kenya, hata muuzaji akikuonyesha karatasi ya mnada wa Japani yenye gredi 4.5. Karatasi hiyo inaeleza gari lilivyokuwa siku ile. Ina faida mbili hata hivyo: ukiona herufi R au RA, lilishapata ajali na kutengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale unaweza kuzilinganisha na za dashibodi. Zikiwa nyingi kuliko za leo, sina la kuongeza.

Kulijaribu, usikubali kuzungushwa mjini kwenye tuktuk na matuta. Toka kuelekea Mambrui, vuka Sabaki, upate barabara ya kunyoosha. Gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu. Sindano ya mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Ingiza gia ya pili na ya tatu haraka haraka usikie kama zinakwaruza. Ukirudi, liache linanguruma na kiyoyozi kimewashwa, jua la saa saba, na utazame sindano ya joto. Gari linalochemka hapo ndilo litakalokuaibisha kwenye foleni ya Mtwapa.

Karatasi nimeziweka mwisho lakini kwa magari ya ufukweni ndiko watu wanakoumia zaidi. Siku hizi uhamisho huanzishwa na mwenye gari kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe unakubali kwenye yako. Kushika logibuku mkononi hakukupi gari. Jirani yangu alinunua kutoka kwa mtu aliyesema mwenyewe "yuko Italia, hakuna shida." Shida ilikuwepo: mwenyewe alikuwa amebadilisha namba ya simu, akaunti haifunguki, na jirani akawa na gari zuri lisilo lake. Kama mwenyewe yuko nje, zungumza naye kwa video, aanzishe uhamisho mkiwa mnaonana, na pesa itoke ukishaona ombi limefika kwako. Mengine yamesajiliwa kwa jina la kampuni iliyokuwa ikiendesha hoteli au nyumba za kupangisha. Hapo unahitaji idhini ya wakurugenzi, na kama kampuni yenyewe ilishakufa, achana nayo. Likionekana kwenye logibuku jina la benki kando ya la mwenyewe, deni halijaisha.

Lipia pia rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako. Magari ya spoti hubadilishwa injini kuliko magari ya kawaida. Injini iliyobadilishwa si kosa, mradi mabadiliko yamesajiliwa. Isiposajiliwa, siku polisi watakapolisimamisha gari, maswali utayajibu wewe. Na usukani ukiwa kushoto, hata bei iwe ya kutupa, huwezi kulisajili kwa matumizi ya kawaida.

Kuhusu bei nitasema kidogo tu. Toa hesabu ya tairi nne, mkanda, mabomba ya breki, betri, na kumwaga mafuta yote ya zamani, petroli iliyochacha kwenye tangi ikiwemo. Uliza bei za spea Mombasa kabla, si baada. Uliza pia bima: kampuni nyingi husita kukupa ile kubwa (comprehensive) gari likishakuwa na umri mkubwa, na wengine hupandisha wakisikia neno tabo.

Ukishalinunua, kazi ya kwanza ni kuliosha chini, kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho. Kabla ya kumpa kijana wa kuosha magari funguo, weka tone la maji yake kwenye ulimi. Wengi wanatumia kisima.