Chipu ya kuongeza nguvu: ni waya upi kati ya tano?

SWALI: Mhariri, nina Toyota Fielder ya injini ya 1NZ-FE. Nimenunua chipu ya kuongeza nguvu, ina waya mbili. Karatasi yake inasema niiunganishe kwenye kihisio cha joto la hewa, lakini soketi iliyo kwenye boksi la kichujio cha hewa ina waya tano. Fundi mmoja wa Grogan anasema nishike wa kwanza, mwingine anasema nifuate rangi. Nimsikize nani?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Rangi na mpangilio wa waya hubadilika kutoka modeli hadi modeli, kwa hiyo tumia mita ya umeme.

Kihisio chako kina kazi mbili ndani ya kifuko kimoja: waya tatu ni za kupima kiasi cha hewa, mbili ni za joto lake. Zima swichi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha pima pini za kihisio mbili mbili. Jozi unayoitafuta husoma takriban kilo-omu 2.2 hadi 2.7 hewa ikiwa nyuzi 20. Ipulizie hewa moto kwa mashine ya kukausha nywele: omu zikishuka taratibu hadi kilo-omu moja hivi, umeipata.

Sasa geukia upande wa soketi. Washa swichi bila kupiga stata. Kati ya waya mbili za jozi hiyo, wenye karibu volti 5 ndio wa ishara. Mwenzake ni ethi, yaani waya hasi. Waya wenye volti 12 usiuguse kabisa. Ukitaka kupima soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma yake. Usitoboe mpira wa waya, kwa sababu maji huingia hapo na shaba ikaota kutu ya kijani.

Wenye magari ya zamani yasiyo na kihisio cha kiasi cha hewa wajihadhari na jambo jingine. Kihisio cha joto la hewa huwa peke yake, waya mbili, na cha joto la maji pia kina waya mbili na omu zinazokaribiana. Cha hewa kiko kwenye njia ya hewa. Cha maji kimefungwa kwenye chuma kinachopitisha maji ya injini. Ukikosea, feni na mafuta ya kuwashia injini baridi vitavurugika.

Kabla ya kukata chochote, pima chipu yenyewe. Nyingi za namna hii ni rezista tu, yaani kipande cha kuzuia umeme, ndani ya plastiki. Ikikaa katikati ya waya wa ishara uliokatwa, omu huongezeka na kompyuta ya injini hudhani hewa ni baridi, hivyo huongeza mafuta. Rezista ya kilo-omu 4.7 ikijumlishwa na 2.4 za kihisio ni 7.1, yaani kompyuta inasoma chini ya nyuzi sifuri, hapa Nairobi! Lakini ukiibandika juu ya waya zote mbili bila kukata, omu hupungua na kompyuta hudhani hewa ni moto. Hapo unakwenda kinyume kabisa na ulichonunulia. Karatasi nyingi hazielezi tofauti hii.

Thibitisha kwa skana ya OBD, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, joto la hewa na la maji hukaribiana. Kodi ya hitilafu P0113 mara nyingi ni waya uliokatika au kulegea. P0112 ni ishara iliyogusana na ethi.

Ushauri wetu ni usiifunge. Gari lako hupima hewa yenyewe, na kihisio cha oksijeni husahihisha mafuta, hivyo udanganyifu huo hauleti nguvu ya maana. Mafuta yakizidi, plagi huwa nyeusi na katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, huumia. Uzito unaousikia mlimani unatokana zaidi na mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Rezista haiongezi hewa. Kama gari limekuwa zito kuliko zamani, anza na kichujio cha hewa, plagi, na kusafisha kihisio hicho kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli.