Kompyuta moja, wateja wengi: kivinjari kipi kinafaa steshenari?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Msimu wa maombi ya mikopo na vyuo ukifika, kompyuta yangu haipumui. Ina RAM ya GB 4 na Windows 10, intaneti naitoa kwenye simu. Mimi nimezoea Chrome. Kijana anayenisaidia anasema Chrome inakula kompyuta, tuweke Firefox. Wateja nao wananiambia Opera Mini ndiyo yenye huruma na bando. Juzi binti mmoja kafungua fomu yake akakuta jina la mwenzake. Tushike ipi? – Mama wa steshenari

JIBU: Shikamoo mama. Nitaanza na huyo binti, maana suala lake ni zito kuliko bando, na halitaondoka hata ukibadilisha kivinjari mara kumi.

Kivinjari chochote hudhani kompyuta ina mwenyewe mmoja. Mteja akiingia kwenye akaunti yake, tovuti hukiachia kivinjari vidakuzi, yaani vialama vya kumtambulisha kila anapofungua ukurasa mwingine, asiulizwe nenosiri kila hatua. Akilipa na kuondoka bila kubofya kitufe cha kutoka, vialama vinabaki. Anayekaa kitini baada yake akifungua tovuti ileile, tovuti inaona mtu ni yuleyule na kumfungulia fomu ya mwenzake. Hapo hakuna virusi wala mdukuzi.

Wengi hukimbilia dirisha fiche (Incognito), na linasaidia nusu tu. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia mfuko mmoja wa vidakuzi. Ukimhudumia wa kwanza kwenye dirisha fiche, halafu ukamfungulia wa pili jingine kabla hujafunga lile, umerudi palepale. Tena dirisha fiche bado linaona manenosiri uliyoyahifadhi wewe.

Tumia dirisha la Mgeni. Kwenye Chrome bofya kile kiduara cha wasifu kilicho juu kulia, shuka chini, chagua Mgeni (Guest). Edge nayo inalo, kupitia kiduara chake cha wasifu. Dirisha hilo halioni manenosiri yako, alamisho zako (kurasa ulizozihifadhi) wala historia yako, na ukilifunga vidakuzi vyake vinafutika. Sharti ni kufunga madirisha yote ya Mgeni mteja anapomaliza, kwa sababu nayo yanachangia mfuko. Ukiwa na wateja wawili kwa mpigo, mmoja mweke kwenye Mgeni wa Chrome, mwingine Mgeni wa Edge. Vivinjari viwili tofauti havichanganyi vidakuzi.

Kisichofutika ni faili zilizopakuliwa. Barua ya mteja, cheti chake cha kuzaliwa, fomu yenye sahihi ya mdhamini, vyote vinabaki kwenye folda ya Downloads hata Mgeni akishafungwa. Jioni kabla ya kufunga duka vifute, kisha umwage na pipa la taka la Windows.

Kuna kingine kinachowapata steshenari bila kukigundua. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wanafunzi wanaoomba mkopo mwaka mmoja wamezaliwa miaka ileile, kwa hiyo namba zao zinaanza kwa kufanana. Ukiwa kwenye dirisha la kawaida ukaandika 2006, kivinjari kinakuletea namba za wateja wa wiki iliyopita kwenye kiorodha chini ya kisanduku. Mkono ukiteleza ukabonyeza Enter, umeingiza namba ya mtu mwingine, na fomu inaweza kuipokea bila kulalamika kwa kuwa urefu ni sahihi. Andika chrome://settings/addresses pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti, uzime kuhifadhi na kujaza. Zilizokwisha kuingia zifute kwa Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja: chagua muda wote, weka tiki kwenye data ya kujaza fomu. Ukitaka kuondoa namba moja tu, ishukie kwa mshale kwenye kiorodha halafu bonyeza Shift na Delete.

Ukiwa hapohapo, nenda chrome://settings/syncSetup uzime ruhusa ya watu kuingia kwenye Chrome yenyewe. Mteja anapofungua Gmail kwenye dirisha la kawaida, Chrome inaweza kumshawishi aiunganishe na akaunti yake, na akikubali, manenosiri na alamisho zake zinaweza kushuka kwenye kompyuta yako.

Umeme nao usikutege. Watu wengi, kwa kuchoka kupoteza kurasa umeme unapokatika, huweka Chrome iendelee ilipoishia kila inapowashwa. Nyumbani ni sawa. Kwenye kompyuta ya duka ni hatari, maana mpangilio huo unahifadhi hata vile vidakuzi ambavyo vingekufa kivinjari kikifungwa. Acha Chrome ifunguke na ukurasa mtupu. Umeme ukirudi na ulikuwa na kazi yako mwenyewe, bonyeza Ctrl, Shift na T, vichupo vyako, yaani kurasa zilizokuwa wazi, vitarudi.

Sasa Chrome na Firefox. Chrome, Edge, Opera ya kompyuta na Brave zote zinatumia injini moja ya kusoma kurasa, iitwayo Blink. Kubishana Chrome au Edge ipi inafungua tovuti vizuri ni kama kubishana juu ya dagaa wa boti mbili zilizovua usiku mmoja. Firefox ndiyo ina injini yake tofauti, Gecko. Tofauti hiyo utaiona kwa nadra, pale tovuti ilipojengwa na kujaribiwa kwenye Chrome pekee: kitufe hakiitikii, au kalenda ya kuchagulia tarehe haifunguki. Ikitokea, usihangaike, fungua kwa Chrome umalize kazi.

Kijana wako hajakosea kusema Chrome inakula RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ila Firefox nayo haiponi. Zote mbili hutenganisha tovuti, kila moja kwenye chumba chake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine na isichungulie data za jirani. Usalama huo unalipiwa kwa RAM. Windows 10 ikishawaka tu hukalia karibu GB 2, wewe unabaki na kama GB 2 za kugawana. Zikijaa, Windows inahamishia mizigo kwenye diski, na diski ikiwa ya kuzunguka, ndipo unapoona kiduara kinazunguka nacho huku mteja anakutazama.

Usiniamini kwa maneno, pima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua ukurasa wa utendaji. Kwenye Memory utaona imejaa asilimia ngapi na nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ikisema 1 kati ya 2, una nafasi ya kuongeza kadi nyingine. Kwenye Disk utaona kama ni HDD (ile ya kuzunguka) au SSD (isiyozunguka, yenye kasi). Diski ikikaa asilimia 100 huku ni HDD, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye SSD na kadi ya RAM ya GB 4 kuliko kwenye ubishi wa vivinjari. Fundi aifungue kwanza aone RAM yake ni ya aina gani, DDR3, DDR3L au DDR4, kabla hujanunua, kwa sababu DDR3 na DDR4 haziingiliani, na mashine ya DDR3L inaweza kuikataa DDR3 ya kawaida.

Kabla hujafika huko, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Chrome. Inakuja orodha ya kila kichupo na MB ilizokalia. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili wakubwa wapande juu. Mara nyingi anayekula ni WhatsApp ya kompyuta au video iliyosimamishwa tangu asubuhi. Kisha kwenye chrome://settings/performance washa kiokoa kumbukumbu, ambacho hulaza vichupo usivyovigusa. Kichupo kilicholazwa hujipakia upya ukikirudia. Chrome hujitahidi kutolaza chenye fomu iliyojazwa nusu, lakini usiitegemee: iandike tovuti ya maombi kwenye orodha ya zisizolazwa, iliyo ukurasa huohuo. Kwenye Firefox andika about:unloads ulaze vichupo kwa mkono, na about:processes uone walaji.

Opera Mini ni habari nyingine kabisa. Ilitoka kwa dunia nzima mwaka 2006, na ujanja wake ni kwamba, kwenye hali yake ya kubana kupita kiasi, simu haifungui tovuti moja kwa moja. Seva za Opera zinaifungua, zinaikamua, zinakutumia kilichobaki. Ndiyo maana kusoma habari kwa bando la kubangaiza kunakuwa rahisi. Ndiyo maana pia fomu zinakwama. Fomu nyingi za sasa zinabadilika bila kupakia ukurasa upya: unachagua mkoa wa Kigoma, orodha ya wilaya inatakiwa ijilete yenyewe, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo ndani ya ukurasa. Seva ikishaukamua ukurasa, programu hiyo haiendelei kuishi kwenye simu, na orodha ya wilaya inabaki tupu. Mteja anadhani tovuti ni mbovu. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya kuokoa data ya Opera Mini aizime, au atumie Chrome ya simu. Kuna na sababu ya pili: katika hali ile, seva ya katikati ndiyo inayofungua mawasiliano yaliyofumbwa ili iyakamue. Asiingize humo nenosiri la benki wala la maombi.

Chrome yenyewe ilikuwa na kitufe cha kuokoa data kwenye Android, Google wakakiondoa mwaka 2022. Anayekuelekeza ukitafute anasoma maelezo ya zamani.

Kuhusu bando lako, kabla ya kulaumu kivinjari, fungua Mipangilio ya Windows, Mtandao, kisha matumizi ya data kwa kila programu. Usishangae ukikuta masasisho ya Windows ndiyo yaliyokunywa GB zako. Bofya jina la Wi-Fi ya simu yako, washa chaguo la mtandao wa kupimwa (metered). Windows itaacha kushusha masasisho mengi makubwa kwa siri. Likizo hiyo isiwe ya milele, kwa sababu kivinjari kisichosasishwa ni mlango wenye kitasa kibovu. Mara moja kwa wiki, bando la usiku likiwepo, fungua chrome://settings/help kiangalie toleo jipya.

Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Edge wameahidi kuisasisha kwenye Windows 10 ya toleo 22H2 hadi angalau Oktoba 2028, kwa hiyo una pumzi upande wa kivinjari, ila mfumo wenyewe unazeeka. Ukiwa na kompyuta nyingine ya Windows 7 pembeni, Chrome iliishia namba 109 huko. Hiyo iwe ya kuchapa barua tu, isiguse nenosiri la mtu.

Kwa duka lako ningepanga hivi: Chrome na Edge kwa wateja, daima kwenye dirisha la Mgeni. Firefox iwe yako mwenyewe, kwa barua pepe yako na hesabu za duka, mteja asiiguse. Firefox bado inaruhusu kizuia matangazo cha uBlock Origin kikiwa kamili, ambayo Chrome imeifungia ikabaki na toleo jepesi. Matangazo yakikatwa, kurasa za habari zinapungua uzito, na bando linaliona hilo. Upendeleo wako wa Chrome una haki yake pia: ina sura ya Kiswahili, na inatafsiri ukurasa wa Kifaransa kwenda Kiswahili papo hapo, jambo linalofaa wateja wanaofanya biashara na Bujumbura au Kalemie. Tafsiri hiyo isomwe kwa akili, hasa penye tarakimu na masharti.

Viambatisho vinavyogoma kupanda havihusiani na kivinjari mara nyingi. Tovuti za maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili, na skana nyingi hukutwa zimewekwa dpi 300 (vitone 300 kwa kila inchi) kwa rangi. Shusha hadi 150, picha ya kijivu, uhifadhi kama PDF. Ukishusha kutoka 300 hadi 150, vitone vinabaki robo, si nusu, kwa kuwa vinapungua kwa urefu na kwa upana. Kisha kuza PDF uone kama muhuri na sahihi vinasomeka. Visiposomeka, panda hadi 200.

Na fomu ikitoka kwenye printa imekatwa ukingo wa chini, angalia ukubwa wa karatasi kwenye dirisha la kuchapa: mara nyingi umebaki Letter ya Kimarekani, iliyo fupi na pana kuliko A4. Chagua A4, na uondoe tiki ya vichwa na vijachini, la sivyo anwani ndefu ya tovuti na tarehe vitachapwa pembezoni mwa fomu ya mteja.