Maswali ya Wasomaji: Nakala Rudufu Zilizosimbwa kwa Programu ya restic

SWALI: Ndugu Mshauri, kwa miaka mitatu nimekuwa nikiibana folda yangu ya nyaraka kuwa faili moja ya zipu yenye nenosiri, kisha naihifadhi kwenye diski ya nje kila mwisho wa mwezi, juu ya ile ya mwezi uliotangulia. Juzi nilifungua tasnifu yangu nikakuta nusu ya kurasa zake ni alama zisizosomeka, na nilipoikimbilia diski nikakuta mle mle faili ileile mbovu. Rafiki yangu ananishauri nitumie restic, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Je, inamfaa mtu asiye fundi? Na diski ikiibwa, mwizi hataweza kusoma kilichomo?

JIBU: Pole sana kwa kazi iliyopotea. Kilichokuponza si zipu yenyewe, bali ni kule kuandika nakala mpya juu ya ya zamani, kwa kuwa faili ikiharibika bila mwenyewe kujua, nakala inayofuata huubeba ubovu huo na kuifuta nzima iliyokuwapo. Hata restic ingeichukua tasnifu yako ikiwa mbovu; tofauti ni kwamba kila unapoiendesha huweka kumbukumbu mpya ya hali ya faili zako pamoja na tarehe yake, na kumbukumbu za nyuma hubaki zilivyo mpaka wewe mwenyewe uamue kuziondoa.

Rafiki yako amekushauri vizuri. Programu hii ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi kwenye Linux, macOS na Windows. Kwanza unaandaa hazina, yaani folda ambamo nakala zitakaa, na hapo utaombwa nenosiri mara mbili:

restic -r /media/diski/hazina init

Baada ya hapo, kila unapotaka kuhifadhi, unaandika mstari mmoja:

restic -r /media/diski/hazina backup ~/Nyaraka

Usiogope kwamba nakala nyingi zitaijaza diski. Programu huzikata faili kubwa vipande, kwa wastani mebibaiti 1 (karibu megabaiti 1) kila kimoja, na hukipa kila kipande utambulisho unaotokana na maudhui yake kwa hesabu iitwayo SHA-256. Kipande ambacho tayari kimo hazinani hakihifadhiwi tena, kwa hiyo mara ya kwanza utasubiri sana, lakini zinazofuata huandika kile tu kilichobadilika.

Kuhusu mwizi, fungua hazina hiyo uone atakachokiona yeye. Utakuta faili iitwayo config na folda chache, miongoni mwake data, ambayo ina folda ndogo 256 zilizopewa majina kuanzia 00 hadi ff, na ndani yake faili zenye majina marefu ya tarakimu na herufi. Hakuna neno «tasnifu» popote. Yaliyomo, majina ya faili na mpangilio wa folda vyote vimesimbwa, yaani vimegeuzwa visisomeke bila nenosiri, kwa mbinu iitwayo AES yenye ufunguo wa biti 256, na kila kipande kina alama ya uthibitisho inayofichua kikichezewa. Faili ya zipu ya kawaida, hata yenye nenosiri, huacha orodha ya majina wazi kwa yeyote anayeifungua, na usimbaji wake wa zamani ulionyeshwa kuwa dhaifu tangu miaka ya 1990. Hata hivyo, ulinzi wote huu hauwezi kuwa imara kuliko nenosiri lako, hivyo chagua maneno kadhaa yasiyohusiana, na usitumie jina wala tarehe ya kuzaliwa.

SWALI: Nilijaribu kurejesha faili zangu kwenye folda mpya, lakini nikaona folda moja tu iitwayo home. Je, nimezipoteza?

JIBU: La, hujapoteza kitu. Ingia ndani ya home, kisha ndani ya folda yenye jina lako la mtumiaji, na Nyaraka utaikuta humo, kwa sababu restic hurejesha njia nzima ya faili kama ilivyokuwa kwenye kompyuta. Nimefurahi kwamba umejaribu, maana wengi huhifadhi kwa miezi bila kurejesha hata faili moja, na mimi siihesabu nakala kuwa ni nakala mpaka nimeifungua na kuisoma. Fanya hivi kila baada ya miezi michache:

restic -r /media/diski/hazina restore latest --target ~/jaribio

Mara mojamoja endesha pia amri ya check ukiongeza --read-data, ambayo huisoma hazina yote na kukuambia kama diski imeanza kuharibu vipande. Na kwa aliyepatwa na mkasa wa tasnifu, kuna amri ya find: ukiipa jina la faili na kuongeza --long, itakuorodheshea kumbukumbu zote ambamo faili hiyo imo, pamoja na ukubwa wake katika kila moja, nawe utachagua ile ya kabla ya kuharibika.

SWALI: Nikisahau nenosiri, nani atanisaidia?

JIBU: Hakuna, hata waliotengeneza programu. Liandike kwenye karatasi na uliweke mbali na kompyuta na diski, kwani nenosiri lililohifadhiwa ndani ya kompyuta ileile hupotea pamoja nayo. Unaweza pia kuongeza la pili kwa amri ya key add, ukampa mtu wa nyumbani unayemwamini. Hili huwezekana kwa sababu data husimbwa kwa ufunguo mkuu mmoja, na kila nenosiri kazi yake ni kuufungua ufunguo huo tu; ndiyo maana unaweza kulibadilisha bila kusimba upya hazina yote. Lakini ikiwa nenosiri limevuja na aliyelipata alikwisha kunakili hazina yako, kulibadilisha hakutamzuia, kwa kuwa ufunguo mkuu ni uleule. Hapo anzisha hazina mpya yenye nenosiri jipya, na uifute ya zamani baada ya kuthibitisha kwamba mpya inarejesha faili zako.